Swali la Mwalimu Lina Thamani Kuliko Cheti

Mwezi wa Julai nilifunga safari hadi Moi's Bridge, kwenye barabara ya Eldoret kwenda Kitale, kumzuru mpwa wangu anayefundisha hisabati huko. Mimi mtu wa pwani baridi ile ilinitia adabu. Mahindi yalikuwa yamepita kimo cha mtu.

Usiku mpwa wangu alinionyesha daftari. Hakuwa ameandika maandalio ya somo, ameandika swali moja: "Kwa nini wanasema thumuni ni kubwa kuliko robo?" Wanafunzi wake waliona 8 ni zaidi ya 4, basi 1/8 lazima iizidi 1/4. Amesahihisha hadi amechoka.

Akafanya jambo ambalo hakuambiwa na mtu. Alipanga somo pamoja na wenzake wawili, akalifundisha, nao wakaketi nyuma kuwatazama watoto, si kumtazama yeye. Mmoja akagundua kwamba watoto walikuwa wakihesabu tarakimu tu. Hakuna aliyekuwa na picha ya kitu kinachogawanywa. Somo la pili alikuja na gorogoro la mahindi na vikombe. Eneo hilo ni la mahindi, kila mtoto anajua kwamba gorogoro moja wakigawana wanane, kila mtu hupata kidogo kuliko wakigawana wanne.

Huko ndiko kujiendeleza kwa mwalimu ninakokutaka. Wajapani wana desturi hiyo ya kupanga, kutazama na kujadili somo pamoja tangu zamani, na Kenya tuliijua kupitia mradi wa SMASSE wa hisabati na sayansi, ulioanza 1998 kwa msaada wa shirika la JICA. Si jambo geni.

Njia rasmi ni nyingine. Sheria ya mwaka 2012 ya Tume ya Huduma kwa Walimu, TSC, inamtaka mwalimu aendelee kujifunza. Mwaka 2021 tume ikazindua mpango wenye moduli sita, kila moja ya miaka 5, kwa shilingi 6,000 kwa mwaka kutoka mfukoni mwa mwalimu. Piga hesabu: ilikuwa miaka 30 ya kusoma na kulipa. Sipingi mwalimu kusoma. Mtaala wa umilisi umemletea mengi mapya, na aliyesomea kemia hujikuta akifundisha somo la ufundi katika sekondari msingi. Lakini moduli imeandikwa kabla mwalimu hajauliza. Haimjui mtoto wa Moi's Bridge wala wa Likoni, na mtu anayesoma ili leseni isikwame husoma kama anayelipa deni.

Sisi wa pwani tuna ushahidi wetu. Katika miaka ya 1980 wazazi wa Kiislamu Mombasa walitaka watoto wao wadogo wapate elimu ya awali bila kuacha dini. Kwa msaada wa Wakfu wa Aga Khan, marehemu na walio hai wengi walishirikiana, na Bi Swafiya Said akawa mkufunzi wa kwanza. Walimu walikuwa wanawake wa mitaa ileile, na mafunzo yao yaliendelea darasani kwao wenyewe: mkufunzi anakuja, anatazama, wanazungumza, anarudi tena. Vifaa vilikuwa vifuu, kombe na vijiti. Mpango huo wa madrasa ukavuka hadi Zanzibar na Uganda.

Walimu wakuu nao wamo. Jambo kama hili halihitaji fedha, linahitaji kipindi kimoja katika ratiba, na mkuu anayekubali kuketi nyuma bila fomu ya kumpa mwalimu alama. Mwalimu akijua anapigwa alama ataficha somo lake baya, na hilo ndilo lenye funzo. Mimi ningeomba TSC ikubali daftari la swali kama hilo, lililothibitishwa na wenzake shuleni, lihesabiwe ndani ya moduli.

Wiki jana mpwa wangu alinipigia simu. Mwalimu mkuu wao amekubali kufundisha somo la sehemu mwenyewe Ijumaa, na wao ndio watakaoketi nyuma.