Kanda za harusi zipo, mashine za kuzisoma zinaisha

Harusi, sherehe za kumuaga bibi harusi, maziko na ufunguzi wa maduka wa miaka ya 2000 vilirekodiwa kwa wingi kwenye kanda ndogo za MiniDV. Leo kanda hizo zimelala kabatini kuanzia Dar es Salaam hadi Kampala, na ndani yake zimo sauti za wazazi na ndugu waliokwisha kutangulia mbele ya haki. Kwa mfanyabiashara wa mipakani zina maana mbili: kumbukumbu ya nyumbani kwake, na kazi ambayo wateja wako tayari kuilipia.

Lakini muda ni mfupi. MiniDV iliingia sokoni mwaka 1995, na viwanda vimeshaacha kutengeneza kamera zake. Kanda yaweza kuwa nzima kabisa, lakini bila kamera inayozunguka vizuri, data iliyomo haitoki. Ndiyo maana anayetaka kuhamishia kanda zake kwenye kompyuta hana sababu ya kungoja.

Waya ndio tatizo la kwanza

Malalamiko yanayojirudia ni kwamba kamera imeunganishwa lakini kompyuta haioni kitu. Mara nyingi kosa ni kutumia tundu la USB la kamera. Kwenye kamera nyingi za aina hii, USB iliwekwa kwa ajili ya kutoa picha za mnato kutoka kwenye kadi. Video ya kanda hupita kwenye tundu lililoandikwa DV, i.LINK au FireWire.

Hapo ndipo wengi hupoteza fedha. Sokoni kuna nyaya za bei nafuu zenye kichwa cha USB upande mmoja na cha FireWire upande wa pili. Hazifanyi kazi hii. Mifumo hiyo miwili huzungumza lugha tofauti, na kuunganisha nyuzi za waya hakuitafsiri moja kwa nyingine. Waya wa namna hiyo unaweza hata kuunguza tundu la kamera. Anayeuza vifaa Kariakoo au Luthuli Avenue asiuagize, na anayenunua asiuchukue.

Kinachohitajika ni kompyuta yenye tundu la FireWire, au kompyuta ya mezani iliyofungwa kadi ya FireWire. Kompyuta za mtumba zinafaa sana hapa. Toleo la macOS la mwaka 2025 limeondoa FireWire, hivyo Mac ya zamani ambayo haijasasishwa ina thamani kuliko mpya. Kwa Windows 10, kadi ikigoma, fundi aweke draiva ya zamani ya 1394 ambayo Microsoft iliitoa kando. Programu ya WinDV ni ya bure na inatosha kwa kunakili.

Zima kamera kabla ya kuchomeka waya, kisha iwashe ikiwa kwenye hali ya kucheza kanda, si ya kurekodi. Hatua hiyo ndogo imeokoa matundu mengi.

Picha inapokatika

Kompyuta ikiiona kamera lakini picha inajaa vijisanduku na sauti inakatika, shuku vichwa vya kamera kuwa vichafu. Pitisha kanda maalumu ya kusafishia kwa sekunde chache tu, kwa sababu hukwaruza. Kisha peleka kanda ya mteja mbele hadi mwisho na uirudishe mwanzo, ili ijikunje upya kwa mkazo ulio sawa.

Kanda iliyorekodiwa kwa LP, yaani mwendo wa polepole uliotumika kubana matumizi ya kanda, mara nyingi husomeka vizuri kwenye kamera ileile iliyoirekodi. Kabla ya kukata tamaa, muulize mteja kama kamera hiyo bado ipo.

Kwa kanda za Mombasa, Tanga na Zanzibar, angalia ukungu kwanza. Ukiona unga mweupe kwenye utepe, usiiweke ndani ya kamera, kwani itachafua vichwa na kuambukiza kanda zitakazofuata. Kamera ikionyesha alama ya unyevu, iache ikauke kwenye hewa kavu, usiilazimishe.

Kabla ya kuanza, sogeza kitufe kidogo cha kanda upande wa SAVE ili isifutwe kwa bahati mbaya.

Nafasi ya kuhifadhi

Saa moja ya kanda huchukua takribani GB 13. Nakala ikisimama inapokaribia GB 4, huenda diski imepangwa kwa mfumo wa FAT32, ambao haupokei faili kubwa kuliko hapo. Ipange upya kwa exFAT au NTFS, baada ya kuhamisha vilivyomo. Hifadhi faili la asili, kisha mtengenezee mteja nakala ndogo ya simu. Weka nakala mbili, kwenye diski mbili tofauti.

Anayenunua kamera ng'ambo

Kenya, Tanzania na Uganda zilitumia mfumo wa PAL. Kamera nyingi za mtumba kutoka Japani na Marekani, zikiwamo zinazopitia Dubai, ni za NTSC, na nyingi kati yake hazichezi kanda za PAL. Geuza kamera usome kibandiko chake kabla ya kulipa, na uijaribu kwa kanda uliyotoka nayo nyumbani.

Mpakani, usitegemee cheti rahisi cha uasili kinachotumika kwa mizigo isiyozidi dola 2,000. Cheti hicho ni cha bidhaa zilizotokana na nchi za Jumuiya. Kamera iliyotengenezwa Japani haimo, hata kama umeinunua Nairobi. Ulizia ushuru wake kwa ofisa forodha kabla ya kufunga mzigo.

Aliye tayari kuanza hahitaji mtaji mkubwa: kamera moja nzima ya PAL, kompyuta moja ya zamani, waya sahihi na diski mbili. Aanze na kanda za nyumbani kwake. Akiharibu mipangilio, atakuwa amejifunzia kwa zake, na siku jirani atakapomletea kanda ya mwisho yenye sauti ya mama yake, mkono hautatetemeka.