Joto Lisilo la Kaskazi

Kaskazi inapovuma Tanga, kuanzia Desemba hadi Machi, kila mtu hutokwa jasho na hakuna anayeshangaa. Lakini mama wa miaka 50 anayeamka usiku wa manane katikati ya kipupwe, kanga imelowa, moyo unamwenda mbio, na mumewe pembeni kajifunika shuka gubigubi, huyo joto lake latoka ndani. Hedhi inakoma, homoni ya estrojeni inapungua, na sehemu ya ubongo inayopima joto la mwili inapoteza kipimo chake.

Homoni hiyo hurudishwa kwa kidonge, kibandiko cha ngozi au jeli. Kwa joto la namna hii hakuna dawa inayoishinda, na mifupa nayo huimarika.

Hofu iliyoenea kuhusu tiba hii ya homoni ilianza Marekani mwaka 2002. Utafiti wa wanawake 16,608 ulisimamishwa kabla ya wakati: katika kila watumiaji 10,000 kwa mwaka, waliopata saratani ya matiti waliongezeka 8, wa kiharusi 8, ingawa waliovunjika nyonga walipungua 5. Kilichosahaulika ni kwamba wastani wa umri wao ulikuwa miaka 63. Anayeanza kabla ya 60, au kabla ya kupita miaka 10 tangu hedhi ikome, mara nyingi faida yake huizidi hatari.

Swali la kwanza nitakalokuuliza, mama yangu, ni kama kizazi bado unacho. Estrojeni peke yake hunenepesha ukuta wa ndani wa kizazi na huweza kuleta saratani, kwa hiyo huambatanishwa na projesteroni. Aliyeondolewa kizazi hahitaji projesteroni. Aliyewahi kuugua saratani ya matiti, kiharusi au damu kuganda mguuni, kwa kawaida hatumpi kabisa. Mwenye presha ishushwe kwanza. Naye kibandiko humfaa kuliko kidonge, maana hakiongezi sana hatari ya damu kuganda.

Tafadhali, usiende duka la dawa ukanunua vidonge vya majira ukidhani ni kitu kilekile. Homoni zake zina nguvu zaidi, na mwili wa miaka 50 si wa miaka 25.

Na ukiona damu baada ya miezi 12 bila hedhi, hata tone moja, usiseme ujana umerudi. Uwe Pangani, Muheza au Mkinga, nenda hospitali ukapimwe wiki hiyohiyo. Nchini kwetu, saratani ya shingo ya kizazi ndiyo inayoongoza kwa wanawake, na damu ya namna hiyo ni mojawapo ya dalili zake.