Hisa ya Shilingi 5: Nani Aliweza Kungoja?

Serikali ilipouza sehemu ya hisa zake za Safaricom mwaka wa 2008, bei ilikuwa shilingi 5 kwa hisa. Foleni zilikuwa si za kawaida. Wengine walikopa benki, hesabu ikiwa rahisi: nunua, uza wiki hiyo hiyo, lipa mkopo, baki na faida.

Hisa zilianza kuuzwa katika soko la Nairobi Juni 9. Bei ilipanda, kisha ikaanza kuteremka, na kabla ya mwaka kuisha ilikuwa chini ya ile 5. Aliyekopa hakuwa na la kufanya. Benki inataka pesa yake, basi akauza kwa hasara. Jirani yake aliyetumia akiba ambayo hakuwa na haraka nayo aliziacha tu. Mwaka wa 2021 hisa hiyo ilipita shilingi 40.

Lakini usikimbilie hapo. Kufikia mwisho wa 2023 ilikuwa imerudi chini ya 15, kwa hivyo aliyenunua kwa 40 bado alikuwa analia. Tazama gawio badala yake. Kwa mwaka wa fedha ulioisha Machi 2024, kampuni ililipa shilingi 1.20 kwa hisa. Mwenye hisa 2,000, zilizomgharimu 10,000 mwaka ule wa 2008, alipata 2,400. Toa kodi ya asilimia 5, zikabaki 2,280. Na hisa zake bado anazo.

Kungoja peke yake hakutoshi, lakini. Waliong'ang'ania hisa za Mumias Sugar wanajua: zilisimamishwa sokoni mwaka wa 2019. Ndiyo maana si vizuri kuweka kila kitu kwa kampuni moja, hata ile unayoipenda.

Kwa hivyo kabla ya kutuma pesa kwa wakala wa hisa, jiulize utaihitaji lini. Karo ya Januari haifai kuwa huko. Iache kwa mfuko wa soko la fedha, ambako unaweza kuitoa bila kuombea bei ipande.

Na kama mzazi wako alinunua hisa mwaka ule, muulize kama amewahi kuona gawio lake. Gawio lisilochukuliwa kwa miaka hupelekwa kwa UFAA, mamlaka ya serikali inayotunza mali isiyodaiwa. Kulidai ni bure.