Keki ya jibini Kabati: kitako kioke, usikigandishe

Mapishi mengi ya keki ya jibini yameandikwa na watu wenye friji. Ponda biskuti, wanasema, changanya na siagi iliyoyeyushwa, shindilia kwenye bati, kisha weka kwenye baridi nusu saa. Basi. Hayo yanafaa London mwezi wa Januari. Hapa Kabati, kando ya barabara ya Kitui kwenda Machakos, jua la Februari hulainisha siagi ikiwa bado kwenye mfuko wa aliyeinunua. Kitako cha namna hiyo humwaibisha mpishi mbele ya wageni: unakata kipande, sehemu ya juu inainuka, ya chini inabaki kwenye sahani ikiwa uji wa biskuti. (Kuna Kabati nyingine kule Murang'a, yenye hewa ya ubaridi kidogo. Wenzetu wa huko wana nafuu.)

Chanzo cha aibu hiyo ni mafuta. Chenga za biskuti zimeshaokwa kiwandani, kwa hiyo hazishikani tena kama unga mbichi uliokandwa. Kinachozibana ni siagi inapoganda katikati yake. Siagi huyeyuka ikifika nyuzi 32 hadi 35 hivi, lakini hulegea mapema kuliko hapo. Stima ikipotea adhuhuri, kitako kisichookwa huanza kubomoka humo humo ndani ya friji.

Ukikioka, mambo hugeuka. Sukari iliyomo huyeyuka kwa moto, hupenya katikati ya chenga, na ikipoa huwa ngumu. Kitako hakitegemei tena siagi peke yake. Kwa bati la sentimita 20 hadi 22, chukua gramu 200 za chenga, gramu 90 za siagi, vijiko viwili vya sukari na chumvi kidogo. Wenye oveni wakioke dakika 10 hadi 12 kwa nyuzi 175, kisha wakiache kipoe kabisa kabla ya kumimina chochote juu yake. Wengi huharakisha hapo kwenye kupoa, na hapo ndipo kazi yote huharibika, kwa sababu kitako chenye joto hunyonya maji ya jibini.

Biskuti gani? Vitabu vya Marekani vitakutuma utafute graham crackers, ambazo hutazikuta Kabati na wala huzihitaji. Zimepewa jina la Sylvester Graham, mhubiri wa karne ya 19 aliyewaonya watu dhidi ya nyama, viungo na vyakula vya anasa, akawasihi wale unga usiokobolewa. Alifariki mwaka wa 1851, kwa hiyo hakuona jina lake likilaliwa na jibini, mayai na sukari. Waingereza nao hutumia daijestivu, biskuti iliyosifiwa kwamba magadi yake husaidia tumbo. Ukiipata ya hapa nchini, nunua. Usipoipata, Marie inatosha, na Marie haikosekani hata kwenye duka la mwisho la kijiji. Ilianza kuokwa London mwaka wa 1874 na kampuni ya Peek Freans, kuadhimisha ndoa ya binti wa mfalme wa Urusi na mtoto wa Malkia Victoria. Ikawa biskuti ya chai ya dunia nzima. Kenya ilipata biskuti zake kwa wingi kupitia Madatally Manji, aliyeanzisha House of Manji wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, na ambaye kumbukumbu zake, Memoirs of a Biscuit Baron, zilichapishwa mwaka wa 1995.

Marie ina mafuta machache kuliko daijestivu, hivyo iongezee siagi, gramu 10 au 15 hivi. Biskuti za krimu ziache watoto wale. Zile za tangawizi, kwa maoni yangu, zinashinda zote kama juu utaweka embe.

Kuziponda si kazi ya mashine. Zitie kwenye mfuko safi wa plastiki ngumu, uzipitishie kijiti cha kusukumia chapati, au zitwange kwenye kinu bila pupa. Usizifanye vumbi tupu. Chenga ndogo zikichanganyika na kubwa kidogo ndizo zinazobanana vizuri. Ukishatia siagi, finya kwa kiganja: zikishikana kama mchanga wa mto uliolowa, acha hapo. Shindilia kwa kitako cha glasi, pembeni kwanza, halafu katikati.

Majarini ya kupaka mkate ni rahisi na iko kila duka, lakini ina maji mengi kuliko siagi, na maji hayo ndiyo yanayolegeza biskuti. Mafuta magumu ya kupikia hayana maji na hustahimili joto, ila huganda kwenye kaakaa na kumwachia mlaji ladha ya mandazi ya jana. Mafuta ya nazi wanayosifu ndugu zetu wa pwani huyeyuka kwenye nyuzi 24 au 25, basi kwa jua letu yasahau. Ninayopendekeza ni samli. Maji yake yalishakaukia jikoni, ina harufu inayopatana na biskuti, na kwa kuwa ni mafuta matupu unapunguza kipimo hadi gramu 75 hivi. Badala ya kijiko kimoja cha sukari weka asali ya Kitui. Asali huvuta unyevu wa hewa, kwa hiyo Mombasa ingeharibu kitako kabla ya jioni; katika ukavu wa huku haina neno, mradi usizidishe.

Asiye na oveni atandaze mchanga mkavu uliochekechwa ndani ya sufuria kubwa, kina cha vidole viwili, na kuuweka kwenye jiko la makaa. Ukishapata moto, bati linakaa juu ya mchanga, sufuria inafunikwa kwa sinia, na makaa machache yanapangwa juu ya sinia. Ndivyo keki za arusi zilivyookwa vijijini miaka na miaka. Kipimajoto hakuna, fuata pua: harufu ya biskuti ikijaa jikoni na ukingo ukiiva rangi ya chai ya maziwa, ipua. Makaa ya juu yawe mengi kuliko ya chini, la sivyo sukari itaungua upande usiouona.

Jibini laini ya dukani ni ghali na mara nyingi inabidi itoke Nairobi. Chuja maziwa lala kwenye kitambaa safi usiku kucha. Yatapungua karibu nusu, na kilichobaki kikikorogwa na mayai na sukari kinaokeka vizuri kwa moto wa polepole. Kadiri ulivyochuja maji, ndivyo kitako kitakavyobaki kikavu. Ukihofia bado, pakaza ute wa yai juu ya kitako dakika mbili kabla hakijatoka motoni.

Maembe ya Makueni yanakuja mwisho kabisa, wakati wa kuandaa, kwa sababu maji yake hayasubiri mtu. Na kama unauza barabarani na huna hakika na kisu chako, panga chenga zilizookwa chini ya glasi ndogo, jibini juu, embe juu yake, kijiko pembeni. Mteja wa matatu hatadai kipande chenye pembe tatu.