Viungo vya Kununua

Mhazini wetu alipotangaza kwenye mkutano wa Oktoba kwamba chama kimeletewa barua pepe na mtu anayeuza viungo, wengi wetu tulifikiria iliki, karafuu na mdalasini. Yeye ni mtu wa Unguja, na sherehe ya mwisho wa muhula ilikuwa inakaribia. Tukadhani pilau limepata mfadhili. Kumbe viungo vyenyewe ni vile vya intaneti, yale maneno ambayo ukiyabofya yanakuhamisha kutoka tovuti moja hadi nyingine. Muuzaji alituahidi viungo ishirini kutoka blogu ishirini, kwa bei ambayo ingemeza karibu nusu ya fedha tulizopata kwa kuuza sambusa mwaka mzima.

Tulicheka, lakini barua ile hatukuitupa. Sababu ni darasa letu la Jumamosi. Wanachama wanajua kwamba darasa hili la watoto, wengi wao wazaliwa wa hapahapa Uingereza wenye bibi na babu Mombasa, Dar es Salaam au Bukavu, lilikuwa limebaki na watoto sita. Wenye ukumbi walitwambia waziwazi: mkishuka chini ya watano, chumba tutawapa wengine. Na mzazi akitafuta darasa la Kiswahili kwenye Google, sisi hatukuonekana hata katika ukurasa wa tatu wa majibu. Swali likawa: je, tununue?

Tulijipa wiki tatu za kuchunguza kabla ya kupiga kura. Haya ndiyo tuliyoyapata.

Kwa nini kiungo kina bei

Mwaka 1998 Larry Page na Sergey Brin, wakati huo wanafunzi wa uzamivu katika Chuo Kikuu cha Stanford, walieleza mbinu yao ya kupanga kurasa za wavuti, waliyoiita PageRank. Walimu wetu watalitambua wazo hilo mara moja, kwani mizizi yake imo katika desturi ya wanazuoni ya kutajana. Makala inayotajwa na wengi huhesabiwa kuwa na uzito; ikitajwa na makala ambayo nayo ina uzito, hadhi yake hupanda zaidi. Page na Brin waliuchukua ukurasa kuwa kama makala, na kiungo kuwa kama kutajwa. Kila kiungo kikawa kura, na kura ya mkubwa ikawa na nguvu kuliko ya mdogo. Leo Google inatazama mambo mengine mengi, lakini kura hizo hazijafutwa.

Basi penye kura hapakosi wanunuzi wa kura. Sisi tuliokulia Afrika Mashariki tumeyaona malori yakibeba watu kutoka vijiji vya mbali ili uwanja wa kampeni ujae. Mtandao binafsi wa blogu ni lori la namna hiyo. Mtu mmoja hununua anwani za tovuti ambazo wenyewe wameacha kuzilipia: labda ilikuwa tovuti ya kwaya, ya hospitali ya mifugo au ya tamasha lililokufa. Tovuti ile imekufa, lakini viungo vilivyoielekea zamani bado vipo, na heshima yake bado haijaisha. Mnunuzi anaifufua, anaijaza makala za haraka haraka, na ndani ya makala hizo anapachika viungo vya wateja wake. Ili asigunduliwe, kila blogu huipangishia seva tofauti, huibadilishia sura, na jina la mwenye mali hulificha. Kwa mtazamaji ni blogu ishirini zisizojuana. Kwa kweli ni mtu mmoja aliyevaa kofia ishirini.

Faida zipo

Tusidanganyane: watu hawanunui kitu kisicho na faida. Ya kwanza ni kasi. Kiungo cha halali unaweza kukingoja miezi. Cha kununua kinawekwa leo jioni. Ya pili ni kwamba mnunuzi huchagua mwenyewe maneno yatakayobofywa, na maneno hayo huidokezea Google ukurasa unahusu nini. Ya tatu inatugusa sisi hasa: palipo na washindani wachache, viungo vichache vinaweza kuonekana kazi yake. Wanaogombania wazazi wanaotafuta darasa la Kiswahili katika mji mmoja wa Uingereza si wengi kama wanaouza bima.

Tulikuwa na ushahidi ndani ya nyumba. Mwenzetu wa mwaka wa pili, aliyeturuhusu tusimulie bila kumtaja, ana shangazi mwenye kampuni ndogo ya kutembeza watalii Arusha. Shangazi alinunua viungo kwa njia hii. Baada ya wiki kadhaa simu zilianza kuita, na wageni wakawa wanauliza bei ya Serengeti kwa lugha ambazo ofisini hakuna anayezijua. Akaajiri msichana wa kupokea simu. Akakopa akaongeza gari.

Kisha asubuhi moja simu zikanyamaza. Tovuti haikuwa imeharibika; ilikuwepo pale pale, ila kwenye majibu ya utafutaji ilikuwa imeporomoka hadi mahali ambapo hakuna mgeni anayefika. Aliyemuuzia viungo akaacha kujibu ujumbe. Kwa mujibu wa mwenzetu, shangazi bado analipa deni la gari.

Hasara na historia yake

Adhabu hapa haitolewi na mahakama, inatolewa na Google. Masharti yake yanakataza kununua au kuuza viungo kwa ajili ya kupanda cheo. Matangazo ya kulipia hayakatazwi, ila kiungo chake sharti kiwekewe alama inayoiambia Google isikihesabu kuwa kura. Alama ya kwanza ya namna hiyo ilianza mwaka 2005, na nyingine mahususi kwa viungo vilivyolipiwa ikaja 2019.

Walioadhibiwa si wadogo tu. Februari 2011 gazeti la New York Times lilifichua kwamba duka kubwa la Marekani, J.C. Penney, lilikuwa likiongoza katika utafutaji wa bidhaa chungu nzima kwa msaada wa viungo vilivyotapakaa katika tovuti zisizohusiana na biashara yake. Google ililishusha. Kampuni ilisema haikuidhinisha viungo hivyo, ikaachana na washauri wake wa utafutaji. Mwezi huohuo Overstock nayo iliadhibiwa, kwa kosa linalotuhusu sisi wa vyuoni: iliwapa wanafunzi na wahadhiri punguzo la asilimia 10, na kwa upande wake ikapata viungo kutoka tovuti za vyuo vikuu. Hapa Uingereza, Februari 2013, wauza maua Interflora walitoweka katika majibu ya Google kwa siku kama kumi na moja kwa sababu ya makala za kulipiwa katika magazeti ya mikoani. Walirejea siku chache tu kabla ya Siku ya Akina Mama. Google hata yenyewe haikujisamehe: Januari 2012 iliushusha ukurasa wa Chrome, programu yake yenyewe, kwa siku 60, baada ya kampeni ya kulipia kuacha kiungo kisicho na alama.

Mitandao ya blogu nayo imepigwa mara kwa mara. Machi 2012 mtandao maarufu ulioitwa Build My Rank ulifungwa baada ya Google kuziondoa blogu zake nyingi katika orodha. Tarehe 24 Aprili mwaka huohuo yakaja mabadiliko yaliyopewa jina la Penguin, yaliyolenga viungo vya hila. Septemba 2014 wenye mitandao hiyo walipata kipigo kingine. Na Machi 2024 Google ilitaja kwa jina kosa la kufufua anwani zilizokufa ili kuchuma heshima yake.

Hata hivyo, hatari iliyotukaa moyoni ni ile isiyo na kelele. Tangu Desemba 2022 Google imetangaza kutumia mfumo wake wa kompyuta kuvitambua viungo vya kununua na kuvibatilisha tu. Hupati adhabu, hupati barua. Umelipa, kiungo kipo, unakiona kwa macho yako, lakini hakihesabiwi. Aidha, viungo vingi vya namna hii ni vya kupanga: ukiacha kulipa vinang'olewa. Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri matako.

Masomo huru

Tulimwomba muuzaji atuletee mfano wa makala ambayo ingebeba kiungo chetu. Alituletea, tena kwa Kiswahili. Makala iliwaalika wazazi kwenye "masomo huru ya Kiswahili", kana kwamba masomo mengine yako kifungoni. Alikuwa akimaanisha ya bure. Aya iliyofuata ilieleza faida za kujifunza lugha "kwa ajili ya mifupa na viungo". Mashine ilikuwa imechanganya viungo vya mwili na vya intaneti, kama sisi tulivyochanganya vya intaneti na vya pilau. Tulicheka tena, ila safari hii kwa uchungu. Maandishi ya Kiswahili kwenye wavuti ni machache. Kila blogu ya aina hii inamwaga maji ya chumvi katika kisima ambacho watoto wa darasa letu watakuja kukichota.

Tulipokawia kujibu, muuzaji akabadili bei. Viungo vyote tungepewa bure, mradi na sisi tuweke kiungo kimoja tu kwenye ukurasa wetu. Tulifungua anwani aliyotaja: kamari. Hapo ndipo tukaelewa barua ile ilikuwa inatafuta nini. Ukurasa wetu uko ndani ya anwani ya chuo, na anwani ya chuo ina uzito ambao sisi hatukuuchuma. Walioujenga ni wahadhiri na watafiti wa miaka mingi. Tungekuwa tumeuza kura isiyo yetu.

Kura yetu

Tulipiga kura, na haikuwa ya kauli moja. Mhazini alisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Akajibiwa kwamba hata muuza maandazi mazuri hupita akiita, na darasa likifungwa hakuna mtoto atakayetusifu kwa uadilifu wetu. Hoja ile ilikuwa nzito, na hadi leo baadhi yetu wanaishikilia. Waliokataa kununua walishinda kwa kura mbili.

Kwa hiyo tukaenda kuita. Tuliiomba idara iweke kiungo cha darasa kwenye ukurasa wake. Iliweka siku ileile, tukabaki tunajiuliza kwa nini hatukuomba mapema. Tuliandikia maktaba ya mji, shule mbili za msingi, na jumuiya za Wakenya, Watanzania na Wakongo wa hapa. Wanachama wawili wakaandika kurasa fupi za ngeli kwa wazazi wasiojua Kiswahili, ambazo mwalimu mmoja wa shule sasa amezielekezea kiungo bila kuombwa. Hicho ndicho kiungo tunachojivunia kuliko vyote.

Tunapoandika haya, kwenye Google tumefika ukurasa wa pili wa majibu. Darasa lina watoto tisa. Watatu walioongezeka hawakuja kwa Google. Mama yao mmoja alisikia habari zetu kwa jirani katika foleni ya duka la nyama. Chumba bado ni chetu hadi Juni, na baada ya hapo tutahesabiwa upya.

Mwenye tovuti, blogu au ukurasa wa jumuiya ambaye anaona darasa hili linafaa kutajwa, atutaje. Hatutamlipa. Jumamosi akipita, chai ya iliki ipo.