Karsanbhai alipitia maabara kabla ya kufika sokoni

Miaka kadhaa iliyopita, kijana mmoja wa kidato cha tatu alinijia katika chumba cha walimu akaniarifu, kwa adabu zote, kwamba ameazimia kuacha shule. Hoja zake alikuwa amezipanga mithili ya wakili. "Mwalimu," akasema, "hawa Wahindi wenye viwanda hawakuhitaji kemia. Biashara wamezaliwa nayo. Mimi nikikaa hapa nikikariri asidi na besi, nitatoka na nini?" Jibu la papo hapo sikuwa nalo. Nilimwomba anipe wiki moja, nami nikaenda kusoma.

Nilimtafutia Mhindi mwenye kiwanda, na niliyempata ni Karsanbhai Patel. Jina la Patel si geni kwetu. Limeandikwa juu ya milango ya maduka kutoka Mombasa hadi Kisumu. Lakini huyu ninayemtaja alijijengea jina kwao Gujarat, magharibi mwa India. Alizaliwa mwaka 1945 katika jamaa ya wakulima. Hapakuwa na duka la baba, seuze kiwanda cha babu. Alisoma hadi akapata shahada ya sayansi, somo lake likiwa kemia, kisha akawa fundi wa maabara: kwanza katika kiwanda cha nguo mjini Ahmedabad, baadaye katika idara ya serikali ya jimbo iliyoshughulikia jiolojia na madini. Kwa ufupi, alikuwa mtumishi wa serikali mwenye mshahara wa mwisho wa mwezi, kama mimi.

Mwaka 1969, sabuni ya unga nchini India ilikuwa anasa ya wenye nafasi. Ile iliyovuma zaidi, Surf, iliyotengenezwa na kampuni ya Hindustan Lever, iliuzwa rupia 13 hivi kwa kilo. Akina mama wengi walifua kwa sabuni ya kipande. Patel alichanganya sabuni yake ya unga kwa mikono, uani mwa nyumba yake, akaitia katika vifuko na kuiuza rupia 3 kwa kilo.

Hapa ndipo nilipotaka kijana wangu atue. Je, mtu huuzaje kwa rupia 3 kile ambacho wakubwa wanakiuza kwa 13? Kampuni kubwa zilitengeneza uji mzito wa sabuni, zikaurusha kama manyunyu ndani ya mnara wenye hewa moto hadi ukakauka na kuwa unga. Mnara huo hugharimu fedha nyingi, na moto wake vilevile. Njia ya Patel ilikuwa kuchanganya vitu vikiwa vikavu. Asidi ya sabuni ikimwagiwa juu ya magadi makavu, hayo mawili hupambana, gesi ya kabonidioksidi hufuka, asidi hutulia na kuwa chumvi inayotoa uchafu. Mnara hauhitajiki. Magadi yanayosalia hulainisha maji magumu. Unga hutoka wa manjano, si mweupe wa kupendeza, tena hukwaruza mikono. Wapinzani wake hawakuchoka kulisema hilo, na hawakusema uongo. Lakini shati lilitakata. Na mapambano hayo ya asidi na magadi ndiyo yale yale aliyokuwa akiyalalamikia kijana wangu katika daftari lake!

Asubuhi Patel alipanda baiskeli kwenda kazini, vifuko vya sabuni vikiwa nyuma, akibisha hodi mlango kwa mlango njiani. Aliuza vifuko 15 au 20 kwa siku. Kazi ya serikali hakuiacha hadi miaka 3 ilipopita. Jambo hili wasimulizi wa hadithi za matajiri hulipitia mbio, kwa kuwa halina ushujaa wa kutosha. Mimi linanivutia kuliko yote. Huo mshahara mdogo ndio uliokuwa benki yake. Siku ambayo hakuuza kifuko hata kimoja, jamaa yake ilikula.

Sabuni aliiita Nirma, kutokana na Nirupama, jina la bintiye. Binti huyo aliaga dunia katika ajali ya gari. Picha ya msichana mwenye gauni jeupe ikawa juu ya kila pakiti, na ilipofika miaka ya 1980, tangazo lake la televisheni likiimbwa na watoto nchini kote, sabuni ya uani ilikuwa imeipita Surf kwa mauzo. Hindustan Lever, waliokuwa wameipuuza kwa miaka mingi wakidhani mnunuzi maskini si mnunuzi, walilazimika kutoa sabuni ya bei nafuu iitwayo Wheel.

Niseme pia yale ambayo hadithi hizi hupenda kuyaficha. Tunaambiwa fulani "alijijenga mwenyewe". Waama, Patel alitoa jasho. Lakini chuo kilichomfundisha kemia hakukijenga yeye. Na serikali ya India wakati huo ilikuwa na sera ya kuwalinda wazalishaji wadogo: bidhaa iliyotengenezwa bila nguvu za umeme haikutozwa ushuru uliowaelemea wenye viwanda vikubwa. Mikono ya Patel na wafanyakazi wake ilikuwa rahisi mara mbili, kwa gharama na kwa kodi. Nami nauliza, nani kwetu anayemlinda mama anayechemsha sabuni katika pipa kule mtaani? Aghalabu hutembelewa na askari wa baraza kabla hajatembelewa na mnunuzi.

Tena mtoto wa mkulima si lazima awe rafiki wa wakulima akishatajirika. Kampuni yake ilipotaka kujenga kiwanda cha saruji huko Mahuva, Gujarat, wanavijiji waliandamana wakitetea bwawa la maji baridi lililonywesha mashamba yao, na mwaka 2011 serikali kuu ilifuta kibali cha mazingira, mvutano ukaendelea mahakamani. Upande wa pili wa mizani upo: mwaka 1995 alianzisha taasisi ya teknolojia mjini Ahmedabad ambayo baadaye ilizaa Chuo Kikuu cha Nirma, na mwaka 2010 alitunukiwa nishani ya Padma Shri. Haya nilimsimulia kijana yote mawili. Sikutaka kumuuzia malaika.

Kilichomgusa, hata hivyo, hakikuwa nishani wala utajiri. Nilipomwambia kwamba kampuni hiyo ilijenga viwanda vyake yenyewe vya magadi, na mwaka 2007 ikanunua kampuni nzima ya madini huko California, Marekani, ili isikose magadi, alinyanyua kichwa. "Mwalimu, haya magadi ni yale ya kupikia maharagwe?"

Nikamwambia ni jamaa wa karibu. Yale meupe yanayouzwa sokoni kwa vijiko hutoka katika maziwa kama Ziwa Magadi, Kajiado, ambako huchimbwa, huchomwa na kusafishwa, kisha sehemu kubwa hupelekwa nje ya nchi. Tangu mwaka 2005, kiwanda cha huko kimekuwa mikononi mwa Tata Chemicals, kampuni ya kutoka India. Alinyamaza kwa muda, kisha akauliza reli inayotoka huko inapita wapi.

Jumatatu iliyofuata alikuja maabarani na magadi ya shilingi 10 yaliyofungwa katika kipande cha gazeti, akataka asidi. Tulitumia ile hafifu, na miwani ya kukinga macho. Povu lilipopanda hadi ukingoni mwa bika, wenzake waliokuwa wakipita nje walisimama dirishani.

Shule hakuiacha. Katika mtihani wa mwisho kemia alipata C, alama ambayo haikumfurahisha mamake wala mimi. Sabuni hajatengeneza bado, ila kila tukikutana huniuliza bei ya asidi.