Mfupa umeunga, mkono bado unaungua

Aliingia ameufunika mkono wa kulia kwa kanga, lakini kanga yenyewe ameishikilia mbali isiguse ngozi. Ni mama wa miaka hamsini na kitu, wa Msimbati. Miezi mitatu nyuma, bahari ikiwa imekupwa, aliteleza mwambani akitafuta pweza, akaangukia kiganja. Kifundo kikavunjika, akafungwa plasta, au hogo kama tulivyozoea kuliita, kwa wiki sita.

“Mwanangu, mfupa umeunga, lakini mkono unaungua,” aliniambia. “Nyumbani wanasema nakwepa kuokota korosho.” Wengine walisema karogwa. Nilihesabu chale saba juu ya kifundo.

Picha ya eksirei ilionyesha mfupa umeunga vizuri kweli. Mkono ulisema jingine: umevimba, unang'aa, una joto kuliko wa kushoto, kiganja kimelowa jasho, vidole havikunji ngumi. Niliposhusha pamba juu ya ngozi, alirudi nyuma na kiti.

Kwanza niliondoa mengine. Usaha, hasa kwa sababu ya zile chale. Mshipa wa fahamu uliobanwa. Kifua kikuu cha mifupa. Ukoma, ambao huleta ganzi zaidi kuliko maumivu. Na skafoidi, mfupa mdogo chini ya dole gumba, ambao ufa wake mara nyingi hauonekani kwenye picha ya siku ya kwanza. Ukibonyeza pale panauma, rudia picha baada ya siku 10 hadi 14.

Kilichobaki ni ugonjwa wa maumivu changamano ya kiungo. Jeraha limepona, ila mishipa ya fahamu inaendelea kupiga king'ora kama limetokea leo. Silas Weir Mitchell, daktari wa Marekani, aliyaeleza maumivu ya namna hii mwaka 1864 kwa askari waliojeruhiwa mishipa ya fahamu. Hakuna kipimo cha damu kinachouthibitisha. Daktari anauliza, anatazama, anagusa, akifuata vigezo vilivyojadiliwa Budapest mwaka 2003. Ndiyo maana ni rahisi mgonjwa kuitwa mvivu, na hilo linaniudhi kuliko chale.

Nilimpa amitriptilini kidogo usiku, nikampeleka kwa mtaalamu wa mazoezi tiba. Kazi ya nyumbani ilikuwa kuugusa mkono kila siku kwa kitambaa laini, kisha kigumu zaidi, na kukunja vidole hata kama vinauma. Barafu nilimkataza.

Wewe uliyefungwa hogo sasa hivi, chezesha vidole tangu siku ya kwanza. Vikifa ganzi, vikibadilika rangi, au maumivu yakizidi hogo likikubana, rudi hospitali siku hiyohiyo, hata usiku.

Mama alirudi baada ya miezi miwili. Ngumi haijafunga yote. Korosho anaokota kwa mkono wa kushoto, wa kulia unashika kikapu, na kanga ilikuwa imeulalia mkono wenyewe.